Kutoka Malindi Kurudi Magarini: Mwongozo kwa Wanaowaandaa Wafungwa na Wanaowapokea

Mwongozo huu umeandikiwa watu walio kazini: mwalimu wa ngumbaru anayeingia Gereza la Malindi au la Kilifi, afisa wa ustawi ndani ya gereza, afisa wa probesheni, chifu na naibu wake, mzee wa mtaa, imamu, mchungaji, na fundi au mwenye chombo anayeombwa amwajiri mtu aliyetoka jela. Kila mmoja ana sehemu yake katika kazi hii, na mara nyingi hajui mwenzake amefika wapi.

Katika karatasi za ofisini imezoeleka kuandikwa kwamba mfungwa anarudi katika jamii. Ukweli ni kwamba anarudi Magarini, katika Kaunti ya Kilifi: Garashi, Marereni, Ngomeni, Adu, Fundisa au Mambrui. Anarudi kwenye mji wa baba fulani, kwa watu wanaomjua kwa jina, katika mwezi fulani wa mwaka. Somo lililofundishwa bila kujua mahali hapo humsaidia kupitisha siku za kifungo, lakini hufa akishavuka daraja la Sabaki. Kwa sababu hiyo tunamwomba kila atakayetumia mwongozo huu aanze na maswali mawili na kuyaandika majibu: unarudi wapi, na nani yuko huko?

Sheria iko upande wa kazi hii. Kifungu cha 51 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote za msingi, isipokuwa ile ambayo hali ya kufungwa yenyewe haiiruhusu. Elimu, iliyotajwa katika Kifungu cha 43, haizuiwi na ukuta wa gereza. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015, zinakwenda mbali zaidi. Kanuni ya 104 inataka asiyejua kusoma afundishwe kwa lazima, na inataka masomo ya gerezani yaungane na mfumo wa elimu wa nchi ili anayetoka aendelee bila tabu. Kanuni ya 107 inataka maisha ya baada ya kifungo yafikiriwe tangu siku ya kwanza. Kanuni ya 108 inazungumzia mambo ambayo ofisi nyingi huyaona madogo: hati, kitambulisho, mahali pa kulala, kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa, na njia ya kufika nyumbani. Afisa anayeombwa ruhusa ya darasa au ya barua ya kufuatilia hati haombwi fadhila, na anayeomba aombe kwa heshima lakini bila woga.

Tarehe ya kutoka isomwe pamoja na kalenda ya pwani

Sehemu ya 46 ya Sheria ya Magereza inampa mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa bidii ya kazi na mwenendo mwema. Wafungwa na askari huiita rimisheni. Haiwahusu waliofungwa maisha, wanaozuiliwa kwa amri ya Rais, wala waliofungwa kwa wizi wa mabavu chini ya sehemu ya 296(1) ya Kanuni ya Adhabu. Tuseme kijana wa Gongoni amefungwa miaka 3 kwa kuiba mashine ya boti. Akijitunza vizuri atatumikia miezi 24. Kama alikaa mahabusu kabla ya hukumu, sehemu ya 333(2) ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inaitaka mahakama iuzingatie muda huo pia. Maana yake ni kwamba tangu wiki ya kwanza gereza linaweza kuutaja mwezi atakaotoka. Mwalimu na afisa wa ustawi wauandike juu ya faili yake.

Mwezi huo una uzito kuliko tunavyoupa. Akitoka Januari, kaskazi inavuma na bahari ya Ngomeni inaendeka. Jua ni kali, na katika mashamba ya chumvi kuanzia Gongoni hadi Kurawa watu wanavuna. Wageni wako Malindi na Watamu, na mafundi wanaitwa kutengeneza mapaa na kuta. Kibarua kinapatikana ndani ya siku chache. Akitoka Mei, maji ya masika yamejaa kwenye mabwawa ya chumvi, kusi imewafungia bahari wenye vyombo vidogo, na hoteli nyingi zina wafanyakazi wachache tu. Kazi iliyoko ni ya jembe, nayo hailipi mpaka mavuno. Mtu ni yule yule, cheti ni kile kile, nia ni ile ile, lakini wa Januari atakula jasho lake ndani ya wiki na wa Mei atakaa miezi akila kwa ndugu. Anayekula kwa ndugu miezi mitatu, na bado anatazamwa kama mwizi, hujaribiwa sana na marafiki wa zamani wenye pesa za haraka.

Hatujaona jambo linalosahauliwa kuliko hili katika maandalizi ya kutoka, na halihitaji bajeti. Faili ikionyesha kwamba mtu atatoka kati ya Aprili na Julai, mpango wake uandikwe kwa namna nyingine kabisa. Ndugu waombwe mapema, angalau tangu Januari, wamlimie kipande cha shamba na kuweka mbegu, ili akifika apalilie na kuvuna cha kwake. Au afundishwe kazi ya chini ya paa: cherehani, useremala, kutengeneza mashine za boti. Hiyo ya mwisho ina soko jema wakati wa kusi, kwa kuwa vyombo viko nchi kavu na wenyewe wanataka vitengenezwe kabla ya msimu. Atakayetoka Oktoba au Novemba na alikuwa mvuvi, kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile ambacho kila mvuvi anakijua kwa jina la BMU, kiandikiwe barua kabla hajatoka, maana kuingia baharini bila kuandikishwa kutampeleka tena mbele ya hakimu.

Darasani

Mtu mzima anayekubali kukaa kwenye benchi na kushika penseli ametoa heshima kubwa kwa mwalimu wake, na anastahili kurudishiwa. Nje ya darasa ameitwa kwa namba. Darasani aitwe Mzee, Mama, au Baba wa fulani kwa jina la mtoto wake, kama angeitwa barazani kwao. Mwalimu wa miaka 25 asimwite mwanamume wa miaka 50 kwa jina tupu, hata kama rejista imeandikwa hivyo. Tumelitaja hili kabla ya mtaala kwa sababu wengi huacha ngumbaru kwa kuona haya, na haya hiyo huanzia kwenye ulimi wa anayefundisha.

Katika kumpima mwanafunzi siku ya kwanza, asiulizwe tu alifika darasa la ngapi. Pwani yetu ina watu waliosoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani huko Mambrui au Malindi, wanasoma herufi za Kiarabu bila kigugumizi, na bado gerezani wameandikwa kuwa hawajui kusoma. Mtu kama huyo ameshazoea kuunganisha herufi na sauti. Anahitaji majuma, na yule asiyewahi kushika kitabu anahitaji miezi. Wakiwekwa kundi moja wote wawili watachoka. Vivyo hivyo anayetoka sehemu za ndani kama Chakama au Adu huenda akafikiri kwa Kigiriama zaidi kuliko Kiswahili. Aanze kuandika maneno ya nyumbani kwao, kisha avuke kwenda kwenye Kiswahili.

Kinachosomwa kitoke Magarini. Vitabu vya kusomea vya watu wazima vina manufaa yao, lakini mtu anayejua atakachokutana nacho siku ya pili baada ya kutoka husoma kwa njaa. Simu haziruhusiwi gerezani, basi mwalimu achapishe kwenye karatasi ujumbe wa M-Pesa kama unavyoonekana, wenye namba ya muamala, jina la mtumaji, kiasi na salio, na wanafunzi waeleze nani amemtumia nani shilingi ngapi. Karatasi ya pili iwe ujumbe wa tapeli unaoigiza ule wa kwanza, nao wautafute uongo ulipo. Baadaye zije tangazo la mkutano wa chifu, kadi ya kliniki, risiti ya mbegu, notisi ya ardhi, na mkataba wa kibarua. Mkataba tunaukazia. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 9, inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iandikwe, na inamtaka mwajiri amfafanulie mfanyakazi asiyejua kusoma kilichomo, kwa lugha anayoielewa. Sehemu ya 37 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja anahesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Watu wamefanya kazi miaka mingi katika chumvi bila kuambiwa haya. Kuyasoma wenyewe, kwa macho yao, ni elimu ya kweli.

Hesabu nazo ziwe za namna hiyo. Samaki wameuzwa shilingi 6,000, mafuta ya mashine yamekula 1,500, kilichobaki kinagawanywa nusu kwa chombo na nusu kwa mabaharia watatu: kila mmoja anapata ngapi? Anayepata 750 kwa kalamu hatapunjwa ufuoni, na anayepunjwa akajua kuhesabu ana la kusema bila kupigana. Ugomvi wa mgao na deni umewaleta watu gerezani, na mwalimu anaweza kulisema hilo wazi darasani.

Kazi ya kwanza ya kuandika iwe barua ya kwenda nyumbani, hata ikiwa na sentensi tatu. Nauli kutoka Marafa au Garashi hadi Malindi si ndogo kwa familia inayotegemea mkaa au maembe, na mfungwa anaweza kukaa mwaka mzima bila mgeni. Barua iliyoandikwa kwa mkono wa mtu ambaye kwao walijua hajui kuandika huleta jibu. Jibu hilo ndilo mwanzo wa mpango wa kutoka, kwa kuwa linaonyesha nani bado anamtaka.

Ufundi uchaguliwe kwa kutazama nje ya lango. Karakana za magereza hufundisha useremala, uashi, ushonaji na kuchomelea vyuma, na zote zina kazi. Lakini anayerudi sehemu za ndani ambako nyaya za umeme hazijafika atafaidika zaidi na ufungaji wa sola, na wa kando ya Sabaki na matengenezo ya pampu za kumwagilia. Afisa anayeandaa orodha ya mafunzo azungumze na mafundi watatu au wanne wa Gongoni na Marafa kabla ya kuiandika.

Popote inapowezekana, mwanafunzi afanye mtihani wa taifa. Mtihani wa ufundi wa NITA una daraja la III, la II na la I, na unapima mikono zaidi ya shule. Cheti chake ni sawa na cha fundi mwingine yeyote nchini, tofauti na barua ya gereza ambayo humtambulisha mwenyewe kwa kosa lake kila anapoitoa. Kwa wanaotaka KCSE, namba ya mtihani wa KCPE itafutwe mapema. KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na matokeo ya zamani ya mtu ni mali yake ya kulindwa.

Wapo wafungwa waliosoma kuliko walimu wanaowatembelea. Watumike. Shirika la Kituo cha Sheria limewahi kuwafunza wafungwa wa Gereza la Shimo la Tewa kuwa wasaidizi wa kisheria kwa wenzao. Nchini Uganda, Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002, akawa kiongozi wa kesi ambayo mwaka 2009 iliondoa hukumu ya kifo ya lazima katika nchi ile, akasomea sheria kwa njia ya masafa katika Chuo Kikuu cha London akiwa katika gereza la Luzira, na akatoka mwaka 2016. Hatutarajii kila gereza litoe mwanasheria. Tunataja habari yake kwa sababu huko Luzira aliwafundisha wenzake pia, na darasa lenye mwalimu anayelala ndani halifungwi mwalimu wa nje anapokosa nauli.

Wanaouliza kama juhudi hizi zina tija waambiwe juu ya uchambuzi wa taasisi ya RAND ya Marekani, uliotolewa mwaka 2013. Ulikusanya tafiti za miaka mingi na kukuta kwamba uwezekano wa kurudi jela ulikuwa chini kwa asilimia 43 kwa wafungwa walioshiriki masomo kuliko kwa wasioshiriki. Marekani si Kilifi, lakini nambari hiyo inatosha kumfanya mkuu wa gereza afungue chumba cha ziada.

Ahadi za kisheria zisitoke kwa mwalimu

Darasani maswali ya rufaa hayakosekani. Mwalimu awe mwangalifu mno hapa. Julai 2023, Mahakama ya Rufaa ikiketi Malindi ilisema kifungo cha maisha kisicho na kikomo ni kinyume cha Katiba, na matumaini yakaenea katika magereza yote ya pwani. Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo. Kabla yake, Julai 2024, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imesema vifungo vya chini vilivyowekwa katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 vinabaki halali. Walioambiwa na watu wenye nia njema kwamba wako karibu kwenda nyumbani walivunjika moyo vibaya. Swali la sheria lipelekwe kwa wakili, kwa huduma ya taifa ya msaada wa kisheria au kwa wasaidizi wa kisheria. Ombi la msamaha wa Rais, chini ya Kifungu cha 133 cha Katiba na sheria ya mwaka 2011, anaweza kuliandika mfungwa mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake. Mwalimu anaweza kusaidia uandishi, bila kuahidi jibu.

Karatasi

Miezi sita kabla ya tarehe iliyo juu ya faili, kazi ya karatasi ianze. Kitambulisho kwanza. Wengi walikamatwa bila kitambulisho, au kilipotea kituoni, au walikuwa chini ya miaka 18 na hawakuwahi kukichukua. Bila hicho hakuna laini ya simu kwa jina lake, hakuna M-Pesa, hakuna mkopo wa Hustler Fund, hakuna kuandikishwa kwenye bima ya afya ya SHA ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF. Msajili wa watu anaweza kuombwa aje gerezani kuwaandikisha watu kadhaa kwa siku moja. Kwa asiye na cheti cha kuzaliwa, ndugu na chifu wa kwao waanze safari hiyo mapema zaidi, kwa maana huenda ikachukua muda mrefu kuliko zote.

Karatasi za hospitali zisisahauliwe. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu ni ya miezi sita. Anayeachiliwa katika mwezi wa tatu bila barua ya kituo cha afya cha karibu na kwao atakatiza dawa, na ataupeleka ugonjwa nyumbani. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za virusi vya ukimwi, kisukari au kifafa. Barua hiyo itiwe kwenye bahasha iliyofungwa na akabidhiwe mwenyewe, bila kupitia mikono ya mzee wa mtaa.

Kisha ardhi. Magarini ni nchi ya mashamba yenye historia ndefu ya mpango wa makazi, mipaka iliyobishaniwa, na wenyeji walioitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Mtu akiwa ndani, upimaji unaweza kupita kwao. Chini ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi, anayepinga kilichoandikwa kwenye daftari ana siku 60 tu tangu notisi ya kukamilika kwake itolewe. Mfungwa wa miaka mitano hasikii notisi hiyo. Kwa hiyo afisa wa ustawi aulize: una shamba, nani analitunza, upimaji umefika huko? Ikibidi mfungwa aandike barua ya kumpa ndugu anayemwamini mamlaka ya kusema kwa niaba yake, na chifu apewe nakala. Watu wametoka jela wakakuta shamba lina hati ya jina jingine, na kilichofuata kikawarudisha kwa kosa kubwa kuliko la kwanza.

Nyumbani kwao

Afisa wa probesheni ndiye mwenye kazi ya kisheria ya kwenda kuuliza hali ya nyumbani, na ripoti zake huzingatiwa na mahakama na kamati ya msamaha. Wengine wamsaidie kwa taarifa. Ziara hiyo isiishie kwa mama mzazi, ambaye karibu siku zote atasema mtoto wake arudi. Wafikiwe mke, ndugu wa kiume wenye shamba, jirani, na hasa aliyekosewa.

Aliyekosewa asiletwe barazani kulazimishwa kusamehe. Aulizwe peke yake, kwa lugha yake, na jibu lake liheshimiwe hata likiwa hapana. Kifungu cha 159 cha Katiba kinatambua upatanisho na njia za kimila, ila zisivunje haki za watu. Kwa wizi wa mbuzi, ugomvi wa ulevi au deni la mnazi, wazee wanaweza kufanya mengi mazuri: fidia ndogo inayolipwa kidogo kidogo, maneno ya kuomba radhi mbele ya mashahidi, mipaka iliyokubaliwa.

Makosa dhidi ya watoto ni suala tofauti, na tunalisema hili kwa mkazo. Hakuna mzee, chifu wala kiongozi wa dini mwenye ruhusa ya kumaliza kesi ya mtoto aliyenajisiwa kwa mbuzi au kwa ndoa. Anayetoka baada ya kifungo cha kosa hilo asirudishwe mahali ambapo mtoto aliyeumizwa anaishi au anapita kwenda shule. Atafutiwe jamaa wa mbali, kwa idhini ya jamaa huyo akijua ukweli wote. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo aarifiwe kabla ya siku ya kutoka. Haki ya mfungwa kuanza upya ni ya kweli, lakini haiwezi kulipwa na mtoto.

Uangalifu kama huo unahitajika kwa waliofungwa kwa kuua wazee waliosingiziwa uchawi, kosa ambalo limeitia Kilifi msiba mwingi. Mara nyingine waliohusika ni watoto au wajukuu wa marehemu mwenyewe, na shamba lilikuwa nyuma ya maneno ya uchawi. Ndani ya gereza mtu huyu azungumziwe ukweli huo muda mrefu na mshauri, mchungaji au imamu. Asiyekubali kwamba alimwua mtu asiye na hatia hajawa tayari, hata akiwa na daraja la I la uashi.

Kwa mwajiri

Fundi, nahodha au msimamizi wa vibarua ana haki ya kuuliza mtu alifungwa kwa nini. Aulize hilo, kisha ajiulize kama kosa lile linagusa kazi hii. Aliyepigana kwenye kilabu cha mnazi anaweza kubeba chumvi. Aliyeiba fedha za duka asiwekwe kwenye sanduku la fedha mwezi wa kwanza, kwa usalama wake pia. Kazi zinazodai cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi zitamkataa, na ni heri aambiwe hivyo akiwa bado gerezani kuliko atumie akiba yake yote kufuatilia. Malipo yake yawe sawa na ya wengine. Kumlipa nusu kwa kuwa hana pa kwenda ni dhuluma.

Wanawake, vijana, na mahabusu

Mama aliyefungwa anaruhusiwa kuwa na mtoto wake gerezani mpaka mtoto afike miaka minne. Mpango wake uanze na mtoto: nani atampokea akitimiza umri huo mama akiwa bado ndani, na kama mama atatoka wakati huo, ataishi kwa nani ikiwa mume ameoa mwingine, jambo ambalo hutokea sana. Vijana wa kati ya miaka 15 na 18 hupelekwa borstali, na kwa pwani ni ile ya Shimo la Tewa. Muda wao hauzidi miaka mitatu na shule ndiyo kazi yao kuu, kwa hiyo nafasi katika sekondari au katika chuo cha ufundi cha kaunti itafutwe wakiwa bado huko.

Mahabusu ndio wanaosahauliwa kabisa. Hawajahukumiwa, hawajui watatoka lini, na madarasa hupangwa kwa waliofungwa. Kwao kila kipindi kiwe somo kamili: leo kusoma ujumbe wa M-Pesa, kesho kuandika jina na kijiji, siku nyingine kuelewa hati ya mashtaka. Anayeachiliwa na mahakama mchana atakuwa ameondoka na kitu.

Wiki za kwanza

Siku ya kutoka isiwe Ijumaa jioni bila mtu wa kumpokea. Ndugu mmoja aje langoni, au angalau amsubiri stendi ya Malindi. Nauli iwe mkononi mwake, na bahasha ya karatasi zake iwe imefungwa dhidi ya mvua. Chifu akiwa amearifiwa, aliyetoka aende kujitambulisha kwake ndani ya siku tatu akifuatana na mzee wa ukoo, ili polisi wakija kuuliza kuhusu wizi wowote wa wiki ile kuwe na mtu wa kusema yuko wapi na anafanya nini.

Afisa wa probesheni au mwalimu apige simu katika wiki ya kwanza, kisha mwisho wa mwezi, kisha mwezi wa tatu. Maswali yawe machache: umelala wapi, umekula nini, umefanya kazi siku ngapi, dawa zipo, nani amekusumbua. Majibu yaandikwe kwenye faili ile ile yenye mwezi wa kutoka juu yake, na faili hiyo irudi kwa mwalimu wa gereza, kwa sababu ndiyo itakayomwambia ni somo gani lilifaa Marereni na lipi halikufaa. Simu isipopokelewa mara mbili, mzee wa mtaa aombwe apite nyumbani kwake kumjulia hali, peke yake na mchana, bila askari.